Rivolva ya marehemu babu wanasema ni feki, tuiuze bei gani?

SWALI

Shkamoo mjomba. Huwa nasoma sana majibu yako ya saa za ukutani na zile rupia za Mjerumani, leo na mimi nina jambo langu na nyumbani limeshaanza kutugombanisha, nishauri kama mpwa wako.

Babu yetu mzaa baba alifariki mwaka jana huko Muheza, Mungu amrehemu. Maisha yake yote alikuwa kwenye mkonge, alianza kukata, akapanda akawa karani wa stoo, na mashamba yalivyotaifishwa kipindi cha Azimio la Arusha bwana wake Mgiriki akaondoka yeye akabaki. Sasa baada ya arobaini tukawa tunapanga vitu vyake, kuna sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda miaka yote na hakuna mtu aliyekuwa anaruhusiwa kuligusa, ndani mna hati ya kiwanja, picha za zamani, saa mbovu, na kitu kimeviringishwa kwenye kaniki. Kufungua ni bastola. Pembeni yake soksi ina risasi nne zimeota kijani.

Ni ile ya kuzunguka, rivolva, nzito. Kile kidude cha kuwekea risasi kinafunguka kinatoka upande wa kushoto, matundu sita. Kwenye mtutu kuna maandishi ya kiingereza yamefutika futika, yanayosomeka ni 38 halafu CTG halafu mwishoni SMITH & WESSON. Pembeni karibu na mpini kuna duara lina herufi zimepandiana, sisi wote tulisoma S na W lakini ukiangalia vizuri kama kuna C vile. Chini ya mpini kuna pete ya kupitishia kamba. Nimekutumia picha zote.

Tatizo ni hili. Binamu yangu aliipeleka kwa fundi mmoja anatengeneza magobole huko vijijini, yule fundi kaiangalia akasema hii ni Smith feki. Binamu akarudi anashangilia, kwamba kama ni feki bas siyo silaha, ni toi tu la zamani, polisi haituhusu, tuuze tugawane. Akaweka picha kwenye grupu moja la WhatsApp la vitu vya kale, akatokea mtu wa Dar anasema yeye feki asifeki anachukua kwa milioni nane, ila tumtumie kwanza laki mbili ya mashine ya kupimia. Binamu ili ing'ae kwenye picha ameipiga msasa upande mmoja na akaipaka ile rangi nyeusi ya mageti.

Baba mdogo amekuja juu, anasema ni yake kwa sababu yeye ndo mkubwa aliyebaki, na anakumbuka babu aliachiwa na yule Mgiriki. Shangazi anasema hapana, ni ya Mjerumani, ilitoka vita ya kwanza, kwa hiyo thamani yake ni kubwa kuliko hiyo milioni nane. Mimi ndo msimamizi wa mirathi kwa hiyo wote wananipigia simu mimi. Sanduku nimelifungia chumbani kwangu na silali vizuri.

Kuna na kikaratasi kigumu cha kiingereza kilikuwa chini kabisa, kimeliwa na mende, kina muhuri na namba namba, hatujakielewa tumekirudisha.

Je mjomba, ni ya kweli au ni feki? Inaweza kuwa na bei gani? Na nianzie wapi?

Mjukuu wa Muheza


JIBU

Marahaba mpwa wangu, na poleni sana na msiba, mzee kama huyo akiondoka nyumba inabaki kubwa.

Naanza na la haraka kabla hata sijagusa swali lako la bei. Huyo wa Dar msimtumie hata mia. Hakuna mashine ya kupimia. Hawa jamaa ni walewale wa rupia zenye mvuto, redio za mbao na cherehani za Singer zenye zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika tu, uvumi ambao mwaka 2009 ulifika mpaka Saudia watu wakanunua vyerehani vibovu kwa bei za gari. Anataja milioni nane kwa sababu hana nia ya kuilipa, anachotaka ni laki mbili yenu. Au basi anaitaka kweli, na mtu anayetaka rivolva isiyo na makaratasi kwa milioni nane sitaki hata kuwaza anaenda kuifanyia nini, na siku ikikamatwa swali litarudi Muheza. Mwambie binamu afute hizo picha kwenye grupu leo hii.

Sasa tuje kwenye feki. Fundi wa magobole hajakosea, jicho lake ni zuri tu, aliyekosea ni binamu kwenye kuelewa. Kuna bastola za kuigiza ambazo haziui: toi za kupasua baruti ya karatasi, zile za kuanzishia mbio uwanjani, na mapambo ya ukutani kama yale yanayotengenezwa na Denix kisiwani Menorca, Hispania, ambayo kwa mbali huwezi kutofautisha lakini ni aloi ya zinki. Halafu kuna silaha kamili, inapiga risasi kamili, ila imeigiza sura na jina la kampuni nyingine. Ya pili hiyo ni feki kwa maana ya kiatu feki cha Nike, ambacho bado unakivaa na unatembea nacho. Ya kwenu ni hii ya pili, na nitakwambia nimeonaje.

Kwenye picha ya tatu, ile uliyopiga silinda, hicho kidude cha kuwekea risasi, ikiwa imetoka nje na dirisha liko nyuma yake, mwanga unapita kwenye matundu yote sita mpaka upande wa pili. Toi na pambo mara nyingi matundu yake ni vishimo tu, yanaingia kidogo yanaishia, na mtutu umezibwa ndani au una kipande cha chuma kimekatiza. Japani kwa mfano tangu 1971 bastola za maonyesho za chuma ni lazima mtutu uzibwe na ipakwe nyeupe au njano, na Marekani tangu 1989 toi inatakiwa iwe na ncha ya rangi ya chungwa. Ya kwenu haina kizibo, na kwenye nyundo naona kile kipini kidogo cha kugonga kitako cha risasi bado kipo. Hiyo inapiga, mpwa wangu. Au ilikuwa inapiga na hatujui kama imeacha, kwa hiyo tunaichukulia inapiga mpaka mtu mwenye mamlaka aseme vinginevyo. Msiivute, msiizungushe zungushe, watoto wasijue funguo iko wapi, na hizo risasi nne zisiwekwe kwenye silinda hata kwa kujaribu kama zinaenea. Najua kuna mtu hapo nyumbani ameshawaza kuzitupa chooni au kuzichoma moto na takataka, asithubutu. Zibaki kwenye soksi yake, mbali na bastola.

Sasa ni feki ya wapi? Hapa ndo pananoga.

Smith & Wesson ni wa Springfield, Massachusetts, Marekani. Mwaka 1899 walitoa rivolva yao ya risasi ya kipimo cha .38 ya silinda inayotoka kushoto, ile waliyoiita ya Jeshi na Polisi, ikapendwa dunia nzima. Kaskazini mwa Hispania kuna mji wa Kibaski unaitwa Eibar, mji mdogo bondeni, karibu kila mtaa ulikuwa na karakana ya bunduki, huyu anachonga mitutu, yule anasaga silinda, mwingine anaunganisha na kugonga jina. Sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya Hispania zama zile ilimtaka mwenye hataza atengeneze kitu chake ndani ya Hispania, usipotengeneza ndani ya muda ulinzi wako unakufa, na Wamarekani hawakujenga kiwanda huko. Waeibar wakajihudumia. Orbea Hermanos, Garate Anitua, Trocaola Aranzabal, na wengine wengi mno ambao hata majina hawakuandika.

Na walikuwa wajanja kwelikweli kwenye maandishi, wanaandika kwenye mtutu sentensi ndefu ya kiingereza, tena mara nyingi kiingereza kibovu, inayosema kwamba bastola hii inatumia risasi za namna fulani za Smith & Wesson. Ukiisoma yote hakuna uongo. Lakini lile jina kubwa ndo linabaki machoni, na maandishi mengine yakifutika kama ya kwenu, unabaki na SMITH & WESSON peke yake mwishoni. Ile CTG mliyoiona ni kifupi cha neno la kiingereza la risasi, na hiyo peke yake haithibitishi kitu, maana Smith wenyewe nao waliandika CTG kwenye mitutu yao. Kilichowauza ni mpangilio: kwenye Smith halisi jina la kampuni linasimama peke yake, halikai mwishoni mwa sentensi ya habari za risasi.

Duara la pembeni nalo ni hivyo hivyo. Alama ya Smith halisi ni S na W zimepandiana. Trocaola walikuwa na T, A na C wamezisuka mpaka ukipita haraka unasoma S na W, Garate nao walikuwa na ya kwao ya G, A na C. Wewe umesema kuna kama C, na nikivuta picha naona kweli kuna kitu kama C, lakini msasa wa binamu umepita hapohapo kwa hiyo kati ya hizo mbili siwezi kukuapia ni ipi. Ushahidi mwingine ni kile kibati cha pembeni kinachofunika mashine za ndani, kina skrubu. Smith halisi ya namna hii, ya silinda inayotoka pembeni, kibati hicho kiko kulia. Ya kwenu kiko kushoto. Kwangu hapo kesi imeisha, hii ni ya Eibar, na kwa sura yake ningeiweka kati ya miaka ya 1910 na 1930 na kitu.

Ingekuwa ya Ubelgiji tungeona alama ya mji wa Liège, yai lenye herufi ELG ndani, na kama lina taji juu yake ujue ni baada ya 1893, Wabelgiji nao walinakili sana, hasa zile fupi nene za Webley za Waingereza. Ingekuwa ya mafundi wa Darra Adam Khel kule karibu na Peshawar, Pakistani, tungekuta herufi zimegongwa kwa mkono, N imegeuka nyuma mbele na mistari imepinda. Ya kwenu herufi zimenyooka na kazi ni ya mashine.

Hadithi ya shangazi sasa, na uniombee radhi kwake. Kwamba ni ya Mjerumani wa vita ya kwanza, siioni. Afisa wa Kijerumani mwaka 1914 hapo Tanga hakuwa anabeba kopi ya Kihispania ya bastola ya Kimarekani yenye maandishi ya kiingereza. Upande wa pili wa vita inawezekana zaidi, kwa sababu Waingereza walipoishiwa bastola mwaka 1915 waliagiza rivolva Eibar kwa haohao Garate na Trocaola kwa ajili ya jeshi lao, lakini zile zilikuwa za risasi kubwa ya .455, mfumo wake ni wa kuvunjika katikati juu, na zilipigwa mihuri ya serikali ya Uingereza. Yenu ni .38 na silinda inatoka pembeni. Pete ya kamba chini ya mpini inawafanya watu wengi waseme ni ya jeshi, ila za kiraia nazo zilikuwa nayo, meneja wa shamba akipanda farasi au pikipiki hataki idondoke porini.

Anachosema baba mdogo kinaingia akilini zaidi. Bwana shamba wa mkonge, pesa ya mishahara inatoka benki Tanga inakuja shambani kwenye mfuko, lazima awe na kitu kiunoni, na kama siyo mtu wa kutupa pesa atanunua ya bei rahisi inayofanana na ya bei ghali. Mashamba yalitaifishwa 1967. Mtu anafunga safari, kitu kama hicho hawezi kupanda nacho meli bila maswali, anamwachia karani anayemwamini. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, nasema mambo yanaendana.

Bei. Najua umeruka ukaja huku moja kwa moja.

Huko kwenye nchi ambazo hivi vitu vinauzwa kihalali mnadani, Marekani hasa, rivolva ya Eibar ya kawaida ya kunakili Smith iko chini kabisa ya meza. Ikiwa nzima, rangi yake ya asili ipo, inaishia dola mia na kitu, mia mbili na kitu mnada ukichangamka. Wanunuzi wanaogopa chuma chake kwa sababu karakana nyingi zilitumia chuma laini, risasi ya leo inaweza kupasua silinda mkononi mwa mtu, hivyo anayeinunua ananunua ya kuweka kabatini. Si zote, lazima niwe mkweli, Orbea na Trocaola walifanya kazi nyingine nzuri kabisa, na Waingereza wasingepeleka vitani takataka tupu. Zile za .455 zenye mihuri ya jeshi zina bei zaidi, kwa sababu ya ile mihuri. Smith halisi ya umri huo inaiacha mbali, Webley ya jeshi ya mwaka 1915 ndo kabisa, na cha kuchekesha zaidi toi la chuma la kupasua baruti la Kimarekani la miaka ya 1890, likiwa na rangi yake, nalo linaweza kuwa ghali kuliko bastola yenu inayopiga.

Halafu sasa binamu kapiga msasa. Kapaka rangi ya geti. Kwa mkusanyaji hapo imebaki bei ya vyuma. Kutu inavumilika na mikwaruzo ya zamani watu wanaipenda, lakini maandishi yakisagwa hayarudi, na rangi ya geti mtu akiiona tu anafunga ukurasa. Msijaribu kuitoa kwa tina wala petroli, mtafuta hata hicho kidogo kilichobaki. Na kuna sababu nyingine kubwa kuliko bei: kama msasa umepita kwenye namba ya silaha, polisi watauliza nani kaifuta na kwa nini. Angalia bila kuishika shika, namba kwa kawaida inakuwa chini ya mpini hapo karibu na pete, nyingine mbele kwenye fremu. Ikisomeka iandike pembeni na uitunze.

Kwa hiyo hizo dola mia mbili, ambazo ni kama laki tano za kwetu, ziko kwenye mnada wa Marekani kwa bastola nzima. Nyie mko Muheza na bastola iliyopakwa rangi. Kuipeleka nje kunataka vibali vya huku na vya huko, gharama zake zinaimeza hiyo laki tano kabla haijafika bandarini. Kuiuza hapa ndani anayenunua lazima awe na kibali na uhamisho upite polisi, na mwenye kibali chake Tanzania ya leo hanunui kopi ya Kihispania ya enzi za babu, ananunua kitu kipya dukani. Mwambie baba mdogo na binamu na wengine wote wanaokupigia simu: soko la hiki kitu hapa halipo. Mnagombea sifuri.

Ambacho kipo ni kesi. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na kukutwa na silaha bila leseni kunaweza kuingizwa kwenye uhujumu uchumi, Sura ya 200, na huko dhamana yenyewe ni safari. Sheria haiulizi kama jina kwenye mtutu ni la kweli au la kuigiza. Inaangalia kama kitu ni silaha. Na hata kingekuwa pambo tupu nisingekushauri ukauze vichochoroni, wenzetu Kenya kwenye Sura yao ya 114 wametaja kabisa silaha za bandia kwa mtu anayezitumia kwenye uhalifu, na Uingereza tangu Oktoba 2007 kuuza bandia inayofanana na bunduki ya kisasa ni kosa isipokuwa kwa watu wa makumbusho, sinema na kadhalika. Anayenyooshewa bastola usiku hana muda wa kuangalia kibati kiko kulia au kushoto.

Wewe ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo hiki kitu kiko mikononi mwako kisheria, na hii inakusaidia. Silaha ya marehemu hairithiwi kama shamba, mtu hawezi kusema mimi ndo mkubwa nipeni. Inakwenda polisi, na kama kuna mrithi anaitaka anaomba kibali chake mwenyewe kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa mpaka juu, akikubaliwa anapewa, akikataliwa inabaki huko. Baba mdogo akitaka aanze hiyo safari, ni haki yake, ila aanze kituoni, asianzie chumbani kwako.

Fanya hivi. Kesho usiibebe. Usiitie kwenye mkoba ukapanda nayo daladala kwa nia nzuri, maana ukisimamishwa njiani nia nzuri haionekani. Iache ilipo, imefungwa. Wewe nenda kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji, uwaeleze kwa mdomo kwamba mmeikuta kwenye sanduku la marehemu, muende pamoja kituoni na barua yako ya usimamizi wa mirathi na cheti cha kifo, muonane na mkuu wa kituo mwenyewe, siyo kwenye kaunta mbele za watu. Waambie kuna bastola na risasi nne, waje kuichukua au waseme iletwe vipi. Hakikisha imeandikwa kwenye kitabu chao, na uombe hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha, muhuri na jina la aliyepokea. Hiyo hati utaiweka kwenye faili la mirathi. Kama utasoma hili karibu na Septemba ni vizuri zaidi, ndo mwezi ambao Umoja wa Afrika uliuweka wa msamaha wa kusalimisha silaha, na polisi wetu wamekuwa wakitangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Ila kama Septemba iko mbali usisubiri, kukaa nayo huku umeshaijua ndo kunakoharibu. Suala la msasa liseme mwenyewe kabla hawajauliza, binamu aende na wewe.

Kama familia inataka kumbukumbu, mnaweza mkaandika barua kuomba ifikiriwe kupelekwa Makumbusho ya Taifa baada ya kuharibiwa isiweze kupiga. Sikuahidi watakubali, bastola ya Eibar si nadra, lakini ikiwa na maelezo yake ya maisha ya kwenye mkonge wa Tanga inakuwa na maana kuliko ikiwa peke yake.

Na hapo narudi kwenye kitu mlichokirudisha chini ya sanduku bila kukisoma. Kile kikaratasi kigumu chenye muhuri. Picha uliyonitumia ina giza na mende wamekula kona, ila naona namba upande wa kulia na neno linaloanzia na REV, na juu yake mstari wa jina ambao haujaliwa wote. Enzi za mkoloni bunduki ilikuwa na leseni yake yenye jina la mwenyewe, aina ya silaha na namba, na nahisi hiyo ndo yenyewe. Namba ya kwenye karatasi ikifanana na ya chini ya mpini, mtajua ilikuwa ya nani na mwaka gani ilisajiliwa, na kituoni utafika ukiwa na ushahidi kwamba silaha iliingia nyumbani kwa babu ikiwa na makaratasi, haikuokotwa porini wala kununuliwa kwa mtu. Ugomvi wa shangazi na baba mdogo nao unaishia hapohapo.

Usiikunjue kwa nguvu, usiipige pasi, usiigandishe na selotepu. Iweke kati ya karatasi mbili nyeupe ndani ya kitabu kizito, kesho mchana ipige picha juani kwa kuiinamisha kidogo ili maandishi ya wino uliofifia yaonekane, mbele na nyuma. Nitumie hiyo tusome wote, lakini ile namba ya silaha ifunike kwa kidole, mimi sina kazi nayo, ni ya kuonwa na mkuu wa kituo tu.